Goti la Chuma

Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, fundi alichomoa magazini, akavivuta vile vifundo viwili vya duara vilivyo juu ya bastola mpaka chuma kikakunjika kama goti, akachungulia chemba. Hakuridhika na jicho. Aliingiza ncha ya kidole cha mwisho, akapapasa. Ilikuwa tupu. Akailaza mezani juu ya kitambaa, akaenda kunawa mikono, akavaa glavu za pamba, na aliporudi alianza tena tangu mwanzo: magazini, goti, jicho, kidole. Bastola haikuwa imeondoka mezani, wala hakuna aliyeingia. Hata hivyo alirudia.

Hapo palikuwa Suhl, mji wa Thüringen nchini Ujerumani ambao kwa karne nyingi umekula kwa kazi ya kutengeneza bunduki, na ambao leo una makumbusho yake ya silaha. Bastola yenyewe ni Luger, ile ambayo jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliichukua mwaka 1908 na kuiita P08. Uswisi ilikuwa imetangulia mwaka 1900, na jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904. Goti lake lilibuniwa na Hugo Borchardt katika bastola kubwa na nzito ya mwaka 1893. Georg Luger ndiye aliyelipunguza na kulilainisha likatosha kiganjani.

Tunasifu sonara, tunasifu mwashi, tunamsifu mchonga milango wa Lamu na wa Unguja, na wote wanastahili. Mimi nataka kusifu ufundi usioongeza kitu duniani. Fundi huyu hufungua, husafisha, hurudisha, na akimaliza vizuri huwezi kuonyesha mahali alipopita mkono wake.

Kule kurudia kuna sababu. Bastola nyingi ukishazitenganisha huwa vyuma vitupu, havina madhara. Luger si hivyo. Traiga yake iko sehemu ya chini, lakini kile kichuma chembamba kinachoizuia pini ya kupigia kimelala ubavuni mwa sehemu ya juu, upande wa kushoto, wazi kabisa. Mtutu, chemba, pini na springi yake vyote viko huko juu. Kama risasi imesahaulika chembani, nusu ile iliyotengwa, isiyo na mkono wala traiga, bado inaweza kufyatuka kidole kikikibonyeza kichuma hicho. Chombo hiki kilitengenezwa kuua, na fundi hakusahau hilo hata dakika moja. Heshima yake kwa bastola ilianzia hapo.

Kufungua kwenyewe kulikuwa kufupi. Aliuegemeza mdomo wa mtutu kwenye ubao, akausukuma nyuma kidogo, akageuza kwa kidole gumba kitasa kilicho upande wa kushoto juu ya traiga, akanyanyua bamba la ubavuni. Sehemu yote ya juu ikateleza mbele na kutoka. Nyundo haikuhitajika. Bastola nzima ina skrubu mbili tu, nazo zinashika vipande vya mbao vya mkononi. Vingine vyote vinashikana vyenyewe, kila kimoja kikimzuia mwenzake. Mfuko wa ngozi wa askari ulikuwa na nafasi ya kichuma kimoja kidogo, bisibisi na msaada wa kujazia magazini kwa pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yake vitani.

Nilimwomba aninyooshee lile goti nilitazame. Ukiwa umesimama wima hutumii nguvu nyingi kujizuia usianguke, maana goti limenyooka na uzito unapita katikati ya mfupa. Ndivyo ilivyo hapa. Likinyooka, kiungo chake cha kati huwa chini kidogo ya mstari, kwa hiyo kishindo cha risasi hakiwezi kulikunja. Mtutu na goti hurudi nyuma pamoja kwa hatua ndogo. Kisha vile vifundo hukutana na mwinuko wa chuma, vikapandishwa, goti likakunjika, ganda likarushwa nje, na springi iliyofichwa ndani ya mkono ikalivuta chini tena. Wajerumani wenyewe huuita utaratibu huo kwa jina la goti.

Juu ya kitambaa vipande vilipangwa kwa mpangilio wa kutoka, na karibu kila kimoja kilikuwa na tarakimu mbili zilezile, zile za mwisho za namba ya bastola. Hizo hazikuwa pambo. Kila kipande kilisawazishwa kwa mkono kikae na wenzake wa bastola ile. Ukichanganya vipande vya bastola mbili zinaweza kufanya kazi, zinaweza pia kugoma. Tarakimu ndogo zile ni kama jina la ukoo.

Kisha kukaja usafi, na hapa mtu wa Pwani ana la kusema. Fataki za risasi za zamani zilikuwa na klorati ya potasi, na zikiwaka huacha chumvi, ndugu wa karibu wa hii tunayotia kwenye mchuzi. Chumvi hunywa unyevu wa hewa usiku kucha, na asubuhi mtutu una kutu. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chini kwa chini. Dawa yake ni maji. Ajabu kwa asiyejua: chuma unachokiogopea kutu kinaoshwa kwa maji ya moto, kikakaushwa mpaka kwenye kona, ndipo kikapakwa mafuta mepesi. Aliyeona misumari ya paa la mabati karibu na bahari haoni ajabu.

La ajabu zaidi ni kwamba weusi wa bastola ile, weusi wenye kivuli cha bluu, wenyewe ni kutu. Zamani chuma kilisafishwa mafuta yote, kikapakwa dawa, kikaachwa penye unyevu mpaka kiote kutu nyekundu. Kisha kikachemshwa katika maji safi, na wekundu ukageuka kuwa weusi. Ukapigwa brashi laini, kazi ikaanza upya, mara nyingi, utando mmoja juu ya mwingine. Vipande vidogo, kama traiga na kitasa, vilipashwa moto tu mpaka vikashika rangi ya majani makavu. Adui alilelewa, akafundishwa, akawekwa mlangoni kuwa mlinzi.

Ndiyo maana nilishtuka fundi aliponionyesha Luger nyingine, iliyoletwa na aliyeirithi. Mtu mmoja, kwa nia njema, alikuwa ameisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama kijiko. Pembe zilikuwa zimelainika, tarakimu zimefifia. Fundi hakusema neno. Aliifunika kwa kitambaa. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uharibifu, na miaka zaidi ya mia haikuwa imeifanyia bastola ile mabaya kama ya mchana ule mmoja wa msasa.

Wakati wa kufunga aliigeuza bastola miguu juu. Nyuma ya goti kuna ndoano ndogo inayoning'inia, na lazima ianguke mbele ya meno ya wenzo unaoshikwa na springi ya mkononi. Ikiwa imegeuzwa, ndoano hujiangukia yenyewe mahali pake; ukiilazimisha, haiingii. Alisukuma taratibu, akarudisha bamba, akafunga kitasa, akavuta vifundo. Goti lilikuwa legevu. Ndoano ilikuwa imekosea njia. Akafungua tena, bila kuguna, akaanza upya. Mara ya pili springi ilimjibu.

Wewe unayeitunza bastola ya namna hii, iwe ya makumbusho au ya urithi wenye kibali, nakuomba: hakikisha chemba mara mbili, mtafute fundi anayeijua, na uiachie weusi wake.