Nyayo Juu ya Dari

Sinema bubu ya Alfred Hitchcock iitwayo The Lodger (1927) ni darsa juu ya dhana mbaya. Mgeni anapanga chumba London, wakati muuaji wa wanawake anatafutwa. Hitchcock alipiga picha kupitia sakafu ya kioo, ili waliokaa chini, nasi pamoja nao, tuone nyayo zake zikienda na kurudi. Sauti hakuna, mioyo yetu ndiyo inayozisikia, na ndiyo inayomtia hatiani. Kumbe hana kosa, na umati umekaribia kumuua! Kasoro ni moja: raha ya mwisho inakuja upesi, kabla waliomdhulumu hawajaomba radhi. Nasi hapa Mapinga tunapokea wapangaji wageni. Tusiwahukumu kwa nyayo.