Kutoka Orodha hadi Wasifu: Uhakiki wa Usawiri wa Wanafunzi wa Madarasa ya Mwisho Mwanzoni mwa Karne ya 20 na Maana Yake kwa Shule za Giteranyi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wanafunzi waliokaribia kuhitimu walivyosawiriwa katika maandishi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, katika ukanda uliounganisha Urundi na pwani ya Afrika Mashariki. Maandishi yanayochunguzwa ni ya aina tatu: orodha za shule za kikoloni, magazeti ya shule ya Kiswahili, na tawasifu za wahitimu. Hoja kuu ni kwamba orodha, ambayo ndiyo iliyotegemewa zaidi na watafiti wa elimu nchini Burundi, humgeuza mwanafunzi kuwa mhusika bapa mwenye sifa moja tu, yaani kundi alilotoka. Magazeti ya Kiswahili yalimpa shughuli na sauti, ingawa kwa masharti. Makala inapendekeza kwamba mtaala wa Kiswahili nchini Burundi utumie urithi huo kuwafundisha wanafunzi kuandika wasifu, na si kujaza orodha.

Maneno ya msingi: usawiri, wasifu, orodha, magazeti ya shule, Giteranyi

1. Utangulizi

Giteranyi ipo katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Burundi, mahali ambapo mipaka ya Burundi, Rwanda na Tanzania inakaribiana. Katika mgawanyo wa mikoa uliodumu hadi 2025, komini hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Muyinga. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na shule ya sekondari Muyinga wala Gitega. Misheni za Mapadri Weupe, zikianzia na Muyaga (1898) na Mugera (1899), zilifundisha katekisimu na kusoma. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912. Miaka minne baadaye Wabelgiji wakaitwaa nchi. Shule ya juu iliyowahudumia vijana wa Ruanda na Urundi kwa pamoja ilianzishwa 1929 huko Astrida, mji unaojulikana leo kama Huye, chini ya Mabradha wa Upendo.

Kwa hiyo anayetaka kujua mwanafunzi wa darasa la mwisho wa zama hizo alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alicheza nini, aliongoza chama gani, hana budi kuuliza swali la kihakiki kabla ya lile la kihistoria: ni maandishi gani yaliyomsawiri, na yalimsawiri kwa kusudi gani? Makala hii inajibu swali hilo, kisha inaonyesha kwa nini jibu lake linawahusu washauri wa sera za elimu wa leo.

2. Kipimo cha ulinganisho

Katika shule za sekondari za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa desturi kuchapisha kitabu cha mwaka. Kila mhitimu alipewa picha, jina la utani, vyama alivyojiunga navyo, michezo aliyoshiriki, na sentensi moja au mbili za kumtania zilizoandikwa na wenzake. Tanzu hiyo ilikuwa na kasoro zake. Ilisifu shule kupita kiasi, na iliwaacha nje wengi ambao hawakupata nafasi ya kufika darasa hilo. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ya kihakiki: mwanafunzi alielezwa na mwanafunzi mwenzake, na alielezwa kwa matendo yake. Haiba yake ilitokana na shughuli zake.

Kipimo hicho hakitumiki hapa ili kuonyesha upungufu wa Afrika Mashariki. Kinatumika kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo katika nyaraka za Burundi yamechanganywa mara nyingi: kuhesabu wanafunzi na kuwasawiri.

3. Orodha na mhusika bapa

Shule ya Astrida iliandaa watumishi wa dola ya kikoloni: watawala wa baadaye, wasaidizi wa tiba, wa mifugo na wa kilimo. Utawala ulihitaji kujua ni nani anaandaliwa na ametoka wapi. Orodha zilizotokana na hitaji hilo zimekuwa chanzo muhimu kwa watafiti. René Lemarchand, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Rwanda na Burundi, alizisoma takwimu za uandikishaji wa Astrida kwa kufuata makundi ya Watutsi na Wahutu, akaonyesha jinsi elimu ya juu ilivyogawanywa kwa upendeleo mkubwa. Usomaji huo ulikuwa wa lazima. Bila hiyo hesabu, dhuluma ya mfumo ingebaki kuwa tetesi.

Tatizo linaanza pale orodha inapochukuliwa kuwa ndiyo picha yenyewe. Kwa istilahi za uhakiki wa fasihi, orodha huzaa wahusika bapa. Mhusika bapa ana sifa moja isiyobadilika, na sifa hiyo ndiyo inayoeleza kila atakalotenda. Mwanafunzi wa Astrida katika vitabu vingi vya historia ni Mtutsi au Mhutu, mtoto wa chifu au asiye mtoto wa chifu. Baada ya hapo hana la kusema. Hajulikani kama aliimba, kama alichukia hesabu, kama aliwaandikia wenziwe barua, au kama aliwahi kubishana na mwalimu. Msomaji anapewa jibu kabla ya kukutana na mtu.

4. Magazeti ya shule: shughuli na sauti

Pwani ilikuwa na njia nyingine ya kuandika. Katika shule ya Kiungani, Unguja, iliyokuwa ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, gazeti la Msimulizi lilianza kuchapishwa mwaka 1888 kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi wa mwanzo wa Kiungani walikuwa vijana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, A. C. Madan alikuwa amewatangaza kwa Waingereza kupitia kitabu kiitwacho Kiungani, kilichokusanya masimulizi yao wenyewe. Ulinganisho wa kazi hizo mbili una funzo. Katika kitabu cha Madan, kijana ni mwathirika anayesimuliwa mbele ya wafadhili wa mbali. Katika Msimulizi, habari za shule na za vituo vya misheni zinawaendea watu wanaofahamiana. Mtu yuleyule, kwa kubadilishiwa msomaji, anabadilika kutoka kitu cha kuhurumiwa hadi mwanajumuiya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo iliendelezwa Tanga. Shule ya serikali ya Wajerumani ilitoa gazeti la Kiongozi hadi lilipokoma katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanafunzi walishiriki katika kulichapa, na waandishi wake wengi walikuwa walimu na makarani waliopitia shule kama hiyo, ambao walituma habari na mashairi kutoka katika miji walikopangiwa kazi. Tanga ilijulikana pia kwa bendi yake ya tarumbeta. Mwanafunzi wa darasa la mwisho wa Tanga hakuwa tu jina katika daftari. Alikuwa mpanga herufi, mpiga tarumbeta, mtunzi wa shairi, na baadaye mwandishi wa habari za wilaya.

Urundi haikuwa mbali na ulimwengu huo kama ramani ya leo inavyodokeza. Hadi 1916 ilikuwa sehemu ya koloni lilelile la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kati ya maofisa, askari na makarani wa Usumbura na Gitega. Mgawanyiko ulikuja baadaye. Wabelgiji na wamisionari waliipa Kirundi na Kifaransa nafasi ya mbele, huku Kiswahili kikitazamwa kwa shaka kama lugha ya Waislamu na ya miji. Bugufi, iliyo upande wa pili wa mpaka wa Muyinga, ilibaki chini ya Waingereza wa Tanganyika. Watoto waliozungumza lugha zinazokaribiana sana wakafunguliwa njia mbili rasmi: mmoja kuelekea Astrida na Kifaransa, mwingine kuelekea shule za Kiswahili na Kiingereza, kilele chake kikiwa Tabora, ambako shule ya watoto wa machifu ilifunguliwa 1925.

Uhakiki wa haki hauwezi kuyasifu magazeti haya bila kipimo. Kiongozi lilikuwa chombo cha serikali, na mwandishi wake alijua mwajiri wake ni nani. Mwanafunzi anayeonekana humo ni mtiifu, mwenye bidii na mwenye shukrani. Aliyetoroka au aliyepinga hana safu yake. Wasichana karibu hawaonekani. Kwa hiyo gazeti la shule lilimpa mwanafunzi sauti, lakini lilichagua sauti ipi isikike. Tofauti yake na orodha ni kwamba uchaguzi huo unaweza kusomwa: msomaji makini huiona mikunjo ya sentensi, sifa iliyozidishwa, na jambo lililorukwa.

5. Tawasifu na tatizo la mshindi

Aina ya tatu ni masimulizi ya mhitimu mwenyewe. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alichangia maisha yake katika kitabu cha Ten Africans kilichohaririwa na Margery Perham mwaka 1936. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922. Katika masimulizi yake shule inakuwa hatua ya kwanza ya ngazi ya kupandia. Kijana anayeonekana humo ni yule ambaye karani mwandamizi mwenye nishani anataka aonekane.

Tatizo hilo limeongezeka katika wasifu za viongozi. Ujana wa Julius Nyerere huko Tabora, alikosoma tangu 1937 hadi 1942, umechunguzwa kwa kina: uskauti wake, midahalo yake, msimamo wake kuhusu mamlaka ya viranja. Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932 na kusoma Astrida, hutafutiwa vivyo hivyo dalili za ukombozi katika miaka yake ya shule. Katika hali zote mbili haiba ya mwanafunzi inasomwa kinyumenyume, kuanzia kwa kiongozi kurudi kwa kijana. Wanafunzi wenzao waliokaa nao dawati moja na kuishia kuwa wauguzi au walimu wa vijijini hawana wasifu, kwa sababu hawakushinda chochote.

6. Jina linapokuwa hatari

Nchini Burundi suala hili si la kitaaluma pekee. Mwaka 1972, baada ya uasi wa mwezi Aprili, utawala wa Michel Micombero uliendesha mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma. Wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu walichukuliwa kutoka shuleni kwao, na majina yalikuwa nyenzo ya kuwatambua. Tangu hapo, katika familia nyingi, kuandikwa jina shuleni hakukuwa tena fahari tupu.

Hili linaeleza kwa nini pendekezo jepesi la kukusanya orodha za wahitimu wa zamani haliwezi kukubaliwa kama lilivyo. Orodha inauliza: huyu ni wa kundi gani? Wasifu unauliza: huyu alifanya nini, na nani anamkumbuka? Swali la kwanza limewahi kuua. La pili halina kinga kamili, lakini linamlazimu anayeuliza kumwona mtu katika matendo yake kabla ya kumweka katika kundi.

7. Maana kwa sera

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimetetewa shuleni zaidi kwa hoja ya biashara na ujirani. Hoja hiyo ni sahihi, lakini inakifanya Kiswahili kionekane kama mgeni aliyeletwa na soko. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba lugha hii ilikuwa tayari ndani ya historia ya elimu ya ukanda huu, na kwamba ndani yake vijana wa Kiafrika walianza mapema kuandika habari zao wenyewe. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, vitabu vya kiada vya Kiswahili vitumie dondoo za magazeti ya shule ya zamani, zikiambatana na maswali ya kihakiki kuhusu nani anasema na nani amenyamazishwa. Pili, wanafunzi wa ngazi ya juu ya sekondari huko Giteranyi, wakiwemo wale ambao familia zao zilirejea kutoka Tanzania zikiwa na Kiswahili, wafundishwe kuandika wasifu wa wazee waliosoma zamani, kwa ridhaa ya wahusika na bila kipengele cha kabila. Tatu, wasifu huo usihifadhiwe pamoja na madaftari ya uandikishaji, ili kumbukumbu isigeuke tena kuwa orodha.

8. Hitimisho

Maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yametuachia mwanafunzi aliyehesabiwa, mwanafunzi aliyeruhusiwa kusema, na mwanafunzi aliyeshinda. Yule wa kawaida, aliyehitimu akarudi kijijini kufundisha, hajaandikwa bado. Wajukuu wake wanasoma Giteranyi leo, na wakati wa kuwasikiliza wanaomkumbuka unapungua kila mwaka.