Tabari na Habari Alizoziacha

Abu Jaafar Muhammad bin Jarir at-Tabari, aliyezaliwa Amul mwaka 839 na kufariki Baghdad mwaka 923, hulaumiwa mara kwa mara ya kuwa alikusanya wala hakuhukumu. Katika tarikhi yake ya mitume na wafalme huleta riwaya moja, kisha nyingine inayoipinga, kila moja na silsila ya wapokezi wake, na msomaji huachwa njia panda. Mwenyewe alijikinga mapema: katika dibaji alieleza kwamba habari itakayomchukiza msomaji haikutoka kwake, yeye ameifikisha tu kama ilivyomfikia.

Lawama hiyo haina uzito mwingi. Kitabu cha Abu Mikhnaf juu ya kuuawa kwa Husein huko Karbala, mwaka 680, kimepotea; sehemu kubwa ya maneno yake yasomwa leo kwa sababu Tabari aliyanakili. Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 1233, alipoitengeneza upya kazi hiyo alichagua riwaya iliyo kamili zaidi, akaijazia kwa nyingine, na silsila akaziondoa. Kitabu chake chasomeka kwa raha, walakini mshono hauonekani tena, wala haijulikani nani alisema nini.

Ibn Khaldun, mwaka 1377, alileta dawa nyingine: habari ipimwe kwanza kwa tabia ya mambo yenyewe. Masudi alipokea kwamba jeshi la Musa lilifika watu 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun akauliza jeshi kubwa hivyo lingepangwaje vitani. Swali zuri, ingawa kipimo hicho hufichua lisilowezekana, wala hakichagui kati ya mawili yanayowezekana.

Lawama ya haki iko penginepo. Afikapo kwenye mauaji ya Uthman bin Affan, mwaka 656, Tabari hukiri kwamba ameacha kutaja nyingi katika sababu walizozitoa wauaji, na kwa nini ameziacha hasemi. Barua za Muhammad bin Abu Bakr na Muawiya nazo aliziacha, kwa kuwa watu wa kawaida wasingestahimili kuzisikia. Basi mfikishaji huyu alihukumu, tena palepale palipouma. Silsila zake zaonyesha kilichoingia, si kilichozuiwa mlangoni. Hata hivyo alitangaza kwamba amezuia, na aliyetaka kutafuta alijua pa kuanzia. Barua hizo zimo katika kitabu cha Nasr bin Muzahim juu ya vita vya Siffin, na zimo pia kwa Masudi, yule yule aliyesutwa kwa jeshi la Musa.