Mvua Imenyesha iRacing!

Hatimaye! iRacing, simulata ya mbio za magari iliyoanza mwaka 2008 na kutuendesha kwenye lami kavu muda wote huo, imefungua mbingu. Toleo la msimu wa pili wa 2024, lililotoka mwezi Machi mwaka huo, lilikuja na mfumo wa hali ya hewa uitwao Tempest, na tangu nilipolipakua sitaki kuuachia usukani.

Kwenye kona ndiko uhondo wenyewe uliko. Lami ikiwa kavu, kila mtu anajua mstari wake: ingia kutoka nje, gusa ndani, toka hadi ukingoni. Matairi yameupaka mstari huo mpira, na mshiko ni mzuri. Sasa ufuate mstari huohuo mvua ikinyesha uone! Mpira uliolowa ni utelezi mtupu. Inakubidi uikimbie njia uliyoizoea, uzungukie nje kabisa ukisaka lami yenye kukwaruza, kama wafanyavyo madereva wa kweli kwenye njia ya Spa-Francorchamps.

Na maji hayakupakwa juu kama picha! Yanafuata miteremko ya barabara iliyopimwa kwa leza, yanatuama mabondeni, yanarushwa na magari yanayopita. Magari yakipita sana mahali pamoja, utepe mwembamba wa lami unaanza kukauka mbele ya macho yako.

Tairi ndilo linalonisisimua zaidi. Tairi halishiki bila kuteleza kidogo: linaelekea huku, gari linavutwa kule, na katika tofauti hiyo ndogo ya pembe ndimo nguvu ya kukata kona inamopatikana. iRacing hupiga hesabu za fizikia mara 360 kwa sekunde, na ukiingia kwenye maji mengi unajua papo hapo kwamba tairi limenyanyuliwa: usukani unakuwa mwepesi ghafla, moyo unaruka. Lami ikianza kukauka, matairi ya mvua yanachemka, na unajikuta unayatafuta madimbwi yaleyale uliyokuwa ukiyakwepa.

Dave Kaemmer, mmoja wa waanzilishi wa iRacing, ndiye yuleyule aliyetupa mchezo wa Grand Prix Legends mwaka 1998 akiwa kampuni ya Papyrus. Tangu enzi hizo tairi ndilo moyo wa kazi yake, na bado linaboreshwa. Ndiyo maana nazipenda sasisho hizi za kila baada ya miezi mitatu: gari ni lilelile, njia ni ileile, lakini yote uliyoyajua kuhusu mahali pa kufunga breki unayajifunza upya.

Si magari yote yaliyopewa matairi ya mvua toleo hilo lilipotoka. Lakini magari ya aina ya GT3 yaliyapata tangu mwanzo. Chukua moja, nenda Spa, weka mvua nyepesi itakayokatika katikati ya mbio, kisha uamue mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ni mzunguko upi wa kuingia piti kubadili matairi.