Uhuru wa Watumwa ni wa Nani? Mbotela, Mbwaa na Uandishi wa Kamusi Elezo

Mwanafunzi wa Meru au Embu akiagizwa aandike insha juu ya kukomeshwa kwa utumwa, aghalabu hufungua kamusi elezo ya mtandaoni, kisha hurudi na majina yale yale: Wilberforce, Livingstone, Bartle Frere. Tarehe zake huwa sahihi. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la Unguja mwaka 1873. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Pamoja na usahihi huo, insha ina kasoro ya kisarufi ambayo pia ni kasoro ya kihistoria: mtumwa hatendi neno lolote. Alikombolewa, aliachiwa, alipewa. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba ye yote atakayeisahihisha kamusi elezo juu ya jambo hili hana budi kuanza na kitenzi.

Kielelezo kilicho karibu nasi ni kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, na alilelewa Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na misheni ya CMS baada ya mkataba wa 1873. Anasimulia jinsi Wayao walivyotekwa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa chomboni, wakaokolewa na manowari ya Waingereza. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Lakini haitoshi. Mbotela alikuwa akiandika habari za wazazi wake, na manowari ile haikuwa ndoto. Atakaye kumhukumu akumbuke kwamba shukrani ya mwana wa aliyeokoka si kitu sawa na kasumba.

Tulitazame jina la kitabu lenyewe. Kihusishi "wa" kina maana mbili: uhuru waliopewa watumwa, na uhuru ulio mali yao. Masimulizi ya Mbotela yameegemea maana ya kwanza. Ya pili imebaki katika jina tu, ikingoja mwandishi mwingine. Kamusi elezo nyingi zimerithi maana ile ya kwanza bila hata kuwa na sababu aliyokuwa nayo Mbotela.

Maana ya pili ina ushahidi wa kutosha. Kabla ya sheria ya 1907 watumwa wa pwani walikuwa wakitoroka mashambani na kujenga vijiji vyao, kama kile cha Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine walikimbilia Rabai, kituo alichotumikia William Jones, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa, akasomeshwa Bara Hindi kabla ya kurudi Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400 waliokuwa wamejihifadhi katika vituo vya misheni. Ukisoma kwamba kampuni "iliwakomboa" watu hao, jiulize walikuwa wapi siku ya malipo. Walikuwa wamekwisha kujikomboa. Hati zilifuata nyayo zao.

Hata neno "mtoro" linatutega. Leo twaliita kwa jina hilo toto linalokwepa shule. Ni neno la bwana: humtazama mtu kutoka mahali alipoondoka, wala si kule aendako. Mwandishi wa kamusi elezo alitumiapo bila kulieleza, amekwisha kuchagua upande.

Hapa ndipo Meru ina la kuchangia. Kila aliyekulia Imenti, Tigania au Igembe amesikia habari za Mbwaa, kisiwa ambako Wameru walitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana: watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki ufikao mbinguni. Wazee walishauriana, wakatafuta werevu, na hatimaye watu wakaondoka wakiongozwa na Koomenjwe, aliyeyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, waliovuka alfajiri Ntune, na waliovuka mchana Njeru. Angalia vitenzi: walishauriana, waliondoka, walivuka. Hamna manowari. Mtumwa ndiye mtenda tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatusemi kwamba hadithi hiyo ni hati ya historia kama mkataba wa 1873. Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Hayo ni maoni ya mwanahistoria, na yaandikwe kama maoni. Wala hadithi hii haielezi kukomeshwa kwa utumwa popote pengine. Yaeleza jamii moja iliyojitoa. Kadhalika tusijifanye watakatifu: katika njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19, familia za Kenya ya kati ziliwaweka rehani wanawake na watoto kwa wenye chakula, na si wote waliorudishwa kwao. Kamusi elezo ya haki itayataja hayo pia.

Basi mapendekezo yetu ni haya. Sheria na mikataba ibaki mahali pake. Kando yake viwekwe vijiji vya watoro, watu kama William Jones, kitabu cha Mbotela pamoja na ubishi juu yake, na masimulizi ya Mbwaa kwa jina lake la masimulizi. Wanafunzi wetu wa Meru na Embu wana wazee nyumbani na wana Kiswahili mkononi. Kazi hiyo haiwashindi. Na kila wanapofikia sentensi isemayo kwamba watumwa "walipewa" uhuru, wasimame kidogo, wamwulize mwandishi: ulikuwa wa nani kabla ya kutolewa?