Usiku Mbele ya Kitambaa Cheupe: Sinema ya Uwanjani na Hadhira Yake, Lodwar na Kakuma

Uhakiki wa filamu katika idara za Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa riwaya uliovishwa nguo nyingine. Mhakiki huitazama filamu peke yake chumbani, aghalabu zaidi ya mara moja. Huueleza msuko, huwapanga wahusika kuwa wakuu na wadogo, huchambua dhamira, kisha hutoa hukumu. Njia hiyo ina manufaa yake, hasa darasani. Upofu wake ni kudhani kwamba kazi inayohakikiwa imekwisha kukamilika kabla mtazamaji hajafika. Katika taaluma ya fasihi simulizi dhana ya namna hiyo ilikataliwa zamani: hakuna tena mtaalamu anayedai kwamba ngano ni maneno yake tu, pasi na fanani, pasi na hadhira na pasi na jioni ya kusimuliwa. Makala haya yanadai kwamba sinema ya uwanjani inastahili kipimo hicho hicho, na kwamba kaunti ya Turkana ni mahali panapolidhihirisha jambo hili kuliko miji mikubwa ya Kenya. Kinachopaswa kuhakikiwa huko ni usiku mzima wa kutazama. Filamu ni sehemu moja tu ya usiku huo.

Kanamkemer ni wadi ya mji wa Lodwar, katika bonde la mto Turkwel. Mchana wa Lodwar si wakati wa matembezi. Jua huwaweka watu vivulini hadi alasiri, na chumba cha mabati kilichofungwa ni adhabu hata baada ya machweo. Kwa hiyo kutoka jioni, kukaa nje na kuzungumza hadi usiku ni ratiba ya kawaida ya maisha, wala si anasa iliyoletwa na sinema. Umeme nao una hadithi yake. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kuzalisha mwaka 1991. Lakini kwa miaka mingi nguvu zake zilipelekwa kusini, huku Lodwar ikiendeshwa kwa jenereta za dizeli. Mwangaza wa projekta katika giza la namna hiyo huonekana kutoka mbali, nao huwa tangazo la onyesho kabla filamu yenyewe haijaanza.

Tena kuna suala la kiti. Mwanamume wa Kiturkana anayeshika desturi hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho pia hutumiwa kulazia kichwa. Jumba la sinema humpa mtazamaji kiti chenye namba, likampanga kwa safu na kwa bei, likazima taa na kufunga mlango. Anayekuja na kigoda chake hana safu. Huketi kando ya amtakaye, hugeuka akizungumzishwa, na likimchosha aonyeshwalo huinuka na kuondoka bila kumsumbua mtu. Uhuru huu wa kuondoka ndio sheria ya kwanza ya sinema ya uwanjani, na mtengenezaji wa filamu asiyeujua hupata aibu. Wazoefu wa edonga, ngoma ya Waturkana ambamo aliyekuwa akitazama hujikuta ameingia mchezoni, hawahitaji kufafanuliwa kwamba hadhira inaweza kusema na kujibu.

Asili ya maonyesho ya uwanjani katika Afrika Mashariki haikuwa burudani lakini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu fupi na kuzizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers. Huyu alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, hivyo atengenezewe filamu za polepole, zisizo na hila za kamera. Nadharia hiyo ilipata ushahidi wake maarufu katika kisa alichokisimulia John Wilson, ambacho Marshall McLuhan alikisambaza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy (1962). Watazamaji walionyeshwa filamu kuhusu usafi na uondoaji wa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kuwa mlikuwa na kuku. Ilibidi waikague filamu picha kwa picha, ndipo wakamkuta akikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

McLuhan alikitumia kisa hicho kuonyesha kwamba asiyejua kusoma haioni picha kwa ujumla wake. Yapo masomo mengine yanayowezekana. Hadhira ile ilimwona kiumbe pekee aliyetenda jambo bila kuelekezwa, ikamtaja. Ilikuwa imeletewa funzo, nayo ikachagua tukio. Mfugaji aliyezoea kuhesabu mifugo wake kwa kuwatupia jicho mara moja hatashangaa kwamba kuku yule alionekana. Atashangaa kwamba aliyeshika kamera hakumwona. Hukumu ya hadhira ile ilikuwa uhakiki halali wa filamu mbovu, na ni dosari ya taaluma kwamba kwa miongo mingi imesomwa kama dalili ya upungufu wa macho.

Urithi huo unapaswa kukumbukwa pale sinema ya uwanjani ya Kakuma inapojadiliwa. Kakuma iko yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina zaidi ya watu laki mbili. Mwaka 2001 shirika la FilmAid, lililoanza kazi mwaka 1999 miongoni mwa wakimbizi wa Kosovo walioko Macedonia, lilianza maonyesho huko: kiwambo kikubwa, jenereta, na umati ulioketi mchangani baada ya jua kutua. Filamu fupi za afya, usalama na haki zilionyeshwa pamoja na filamu ndefu za kuburudisha. Vijana wa kambini walifundishwa pia kushika kamera na kutengeneza filamu zao.

Kusema kwamba huu ni mwendelezo mtupu wa Sellers kutakuwa kuwaonea waliofanya kazi hiyo. Hapa mtazamaji alipewa kamera. Hata hivyo mpangilio wa programu una maana yake, kama vile mpangilio wa sura una maana katika riwaya. Funzo linapofungamanishwa na burudani, funzo huwa ndilo kiingilio. Mtazamaji hulipa kwa usikivu wake, kisha hupewa filamu aliyoijia. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuichagua yeye. Miongoni mwa mambo ambayo maisha ya kambi humnyang'anya mtu ni uwezo wa kuchagua: chakula hupimwa, makazi hupangwa, safari huombewa kibali. Usiku wa burudani uliopangwa na mwingine, hata ukiwa mzuri kiasi gani, unabaki ndani ya mfumo huo.

Ndiyo maana vibanda vya video, ambavyo wasomi huvidharau, vina umuhimu wa kihakiki. Ndani ya kambi hiyo hiyo ya Kakuma wakimbizi wenyewe wameendesha vibanda vya aina hii kwa kiingilio kidogo. Mwenye kibanda akiweka filamu isiyopendwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Kila sarafu iliyotolewa mlangoni ni kura. Mhakiki anayetaka kujua hadhira inapenda nini ataelimishwa zaidi na ubao wa chaki ulioko nje ya kibanda kuliko na ripoti ya shirika lolote. Lakini kibanda nacho kina mipaka yake. Ni chumba chenye joto, hupata riziki kutokana na kandanda ya Uingereza kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, na wateja wake wengi ni wanaume na vijana wa kiume. Mama mwenye mtoto mgongoni, ajuza, na mtoto asiye na sarafu hawaonekani humo, huonekana uwanjani. Basi uwanja wa bure huipanua hadhira na kuubana uchaguzi, ilhali kibanda huupanua uchaguzi na kuibana hadhira. Mgongano huu hauwezi kusuluhishwa kwa kusifu upande mmoja. Kwa kulinganisha, Nairobi ilikuwa na Fox na Belle Vue, viwanja vya kutazamia filamu ndani ya gari ambavyo vimekwisha kufungwa, na Laura Fair katika Reel Pleasures (2018) ameeleza jinsi uwanja wa namna hiyo uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966 ulivyopendwa katika miaka ya Ujamaa. Huko nako watu walitazama chini ya nyota, ila gari lilikuwa ukuta.

Kuhusu lugha, fanani amerudi kwa mlango ambao wanaisimu hawakuutarajia. Nchini Tanzania, Lufufu alijipatia jina kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji. Uganda ina wafasiri wake wanaoitwa maviijei. Na Kenya ina DJ Afro, ambaye masimulizi yake ya Kiswahili yamesambaa katika vibanda vya nchi nzima. Hawa hawatafsiri tu. Huongeza utani, huwapa wahusika wa Marekani na Hong Kong tabia za mitaani, hutabiri kitakachotokea na kumkejeli jambazi kabla hajafa. Mtafiti wa ngano ataitambua kazi hiyo mara moja. Lakini Kiswahili cha DJ Afro ni cha Nairobi, kimechanganyika na Sheng, nacho kikifika mbele ya mzee wa Kanamkemer huwa kingali nusu ya safari. Nusu iliyobaki hukamilishwa na kijana aliyeketi kando yake, kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, akiruka asichokielewa na kubuni kilichobaki. Tafsiri hiyo ya pili haihifadhiwi popote, nayo ndiyo filamu ambayo mzee yule ameitazama.

Jambo hili linapata uzito wa pekee linapoelekezwa kwenye filamu zilizopigwa miongoni mwa Waturkana wenyewe. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walirekodi maisha ya boma la mzee Lorang, na kutokana na kazi hiyo wakatoa filamu tatu: The Wedding Camels (1977), Lorang's Way (1979) na A Wife Among Wives (1981). Sifa yao kubwa katika historia ya filamu za kianthropolojia ni kwamba waliwaacha watu waseme kwa lugha yao, wakaweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha badala ya sauti ya Mzungu anayefafanua. Uamuzi huo umesifiwa kwa haki. Yafaa hata hivyo kuuliza maandishi yale yamewekwa kwa ajili ya nani. Katika ukumbi wa chuo kikuu huko Ulaya hadhira husoma, kisha hucheka. Uwanjani Kanamkemer hadhira itasikia, na kicheko kitatangulia maandishi. Herufi nyeupe zitabaki chini ya picha kama mgeni aliyechelewa. Mazungumzo ya mahari katika The Wedding Camels, ambapo Lorang anamwoza binti yake Akai kwa Kongu, mtu wa rika lake, kwa mtazamaji wa mbali ni mfano wa desturi. Kwa hadhira ya Lodwar ni kesi. Watu watachukua upande, watahesabu ngamia, watasema nani amepunjwa na nani amejidhalilisha, na yumkini ubishi huo utaendelea wakati filamu imekwisha. Hakuna uchambuzi wa msuko unaoweza kulifikia jambo hilo, kwa kuwa msuko wa filamu hiyo una sehemu ambayo hadhira pekee ndiyo inayoweza kuitoa.

Kwa upande wa pili kuna The Good Lie (2014), filamu ya Hollywood kuhusu vijana wa Sudan waliolelewa Kakuma. Ilipigwa Afrika Kusini na Marekani. Mkazi wa Kakuma akiitazama atakuwa anaitazama kambi yake ikiigizwa mahali pengine, na macho yake yatakwenda kwenye mchanga, miti na mahema kabla hayajaenda kwa waigizaji. Kwa mara nyingine atamwona kuku.

Mwanafunzi wa uzamili atakayetaka kuifanyia kazi mada hii hana budi kubadili vifaa vyake. Muhtasari wa filamu hautamfaa sana. Itampasa akae uwanjani akiwa ameelekea hadhira, kiwambo kikiwa nyuma ya mgongo wake, na kuandika ni wakati gani watu walinyamaza, nani alimfasiria nani na kwa lugha gani, ni akina nani waliosimama na kuondoka na ilikuwa katika onyesho lipi. Itambidi pia aende asubuhi ya pili kisimani na sokoni kusikia filamu inavyosimuliwa upya kwa wale ambao hawakuja. Kiturkana hakiepukiki katika kazi hiyo. Kiswahili peke yake kitamfikisha mlangoni mwa kibanda, hakitamfikisha alipoketi mzee na kigoda chake.