Chenga ya Bleddyn Williams: ufundi wa kuchelewa

Mwishoni mwa Machi 1945, rubani mmoja wa Jeshi la Anga la Uingereza alikuwa Ujerumani, ng'ambo ya mto Rhine, akilala mahandakini siku kadhaa mfululizo. Alikuwa ametua huko tarehe 24 kwa glaida, ile ndege isiyo na injini inayovutwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha huachiwa ishuke yenyewe. Ijumaa akakutana na mkuu wake, Hugh Bartlett, mcheza kriketi wa Sussex kabla ya vita. Bartlett akamuuliza: kwani kesho hutakiwi Leicester, kwenye mechi ya raga ya Uingereza na wanajeshi wa nchi za Dola? Kweli, alitakiwa. Akatafutiwa ndege, akarudishwa nyumbani, na katika mechi hiyo akafunga trai, yaani bao la kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani.

Rubani huyo ni Bleddyn Williams, senta, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya nyuma, wa Cardiff na Wales, mzaliwa wa Taff's Well mwaka 1923. Kisa chake cha Rhine husimuliwa kila anapotajwa, na ni kitamu. Kinachosahaulika ni raga yenyewe: alikuwa akiwapitaje watu? Mbio peke yake hazitoshi kuwa jibu. Katika Wales hiyo hiyo mwenye mbio alikuwa winga Ken Jones, aliyerudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1948 katika mbio za kupokezana vijiti. Williams alikuwa mtu wa kifua kipana na mapaja mazito, na silaha yake ilikuwa chenga.

Tuitazame polepole. Senta anapokea mpira, mkabaji anamjia. Mchezaji wa kawaida hukwepa mapema, akiwa bado hatua nne au tano mbali, kwa kuogopa kugongwa. Mkabaji naye hupata muda wa kugeuka na kumfuata, na chenga inakuwa mzunguko mrefu unaoishia nje ya mstari. Anayeijua kazi hukimbia moja kwa moja kumwelekea adui, mpira mikononi miwili, hadi mkabaji aamue. Kuamua huko hukuoni usoni, unakuona miguuni. Mkabaji hushusha nyonga, uzito wake wote unahamia mguu mmoja, na kwa nukta hiyo mguu huo hawezi tena kuuinua. Hapo ndipo mshambuliaji anapokanyaga kwa nguvu upande mmoja, nje ya usawa wa bega lake, na kujirusha upande wa pili. Akikanyaga mapema, amejionyesha. Akichelewa zaidi, amekabwa. Hiyo nafasi ya katikati, nyembamba kama uzi, ndiyo aliyoishi ndani yake Williams.

Ona pia ile mikono miwili kwenye mpira. Aliyeukumbatia mpira kwapani ameshatangaza kwamba hatoi pasi, na mkabaji hana haja ya kugawanya macho. Williams aliamini kwamba kazi ya kwanza ya senta ni kumfungulia winga njia. Chenga ilifanya kazi kwa sababu pasi ilikuwa inawezekana, na pasi ilifanya kazi kwa sababu chenga iliogopwa. Hata hivyo, kwa mtu wa kuwafungulia wengine, msimu wa 1947-48 aliifungia Cardiff trai 41, rekodi ya klabu. Nadhani mabeki walikuwa wakimlinda winga.

Vita vilimfanyia nini? Jibu rahisi ni kwamba vilimwibia miaka. Mechi rasmi za kimataifa zilisimama baada ya 1939, na yeye hakupata kofia yake ya kwanza ya Wales, yaani mechi yake ya kwanza rasmi ya taifa, hadi Januari 1947, dhidi ya England mjini Cardiff, karibu atimize miaka 24. Lakini raga yenyewe haikusimama. Majeshi yalikuwa na mechi zao, na humo likatokea jambo ambalo wakati wa amani lingekuwa dhambi: wachezaji wa raga ya ligi, wale wa kulipwa, waliruhusiwa kucheza bega kwa bega na wa ridhaa. Gus Risman, mtoto wa Cardiff aliyekuwa nyota wa ligi huko Salford, aliongoza Wales katika mechi hizo za majeshi. Mwaka 1943 na tena 1944, timu za wanajeshi wa ligi ziliwapiga wenzao wa ridhaa kwa sheria za ridhaa zenyewe. Kijana wa miaka ishirini anayekulia katika mchanganyiko huo anajifunza jinsi watu wanaolishwa na mpira wanavyoutunza mkononi. Mimi naona shule ya namna hiyo ilimfidia sehemu kubwa ya miaka iliyopotea.

Kando ya Williams, kama senta mwenzake, alisimama Jack Matthews, daktari, ambaye inasimuliwa kwamba wakati wa vita alitoka sare ulingoni na askari wa Kimarekani aitwaye Rocky Marciano. Matthews alikaba kama mlango unaofungwa na upepo. Huyu alivunja, Williams aliponyoka, na beki aliyewakabili alilazimika kujiandaa kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Chenga ina bei, na hulipwa na magoti na misuli. Majeraha yalimweka nje mara nyingi. Ndiyo maana kwa miaka minane, hadi 1955, kofia zake ni 22 tu. Hata kilele chake kilikuja na jeraha. Novemba 21, 1953, akiwa nahodha, aliiongoza Cardiff kuwafunga All Blacks wa New Zealand 8-3. Wiki nne baadaye, Desemba 19, aliiongoza Wales dhidi ya timu hiyo hiyo, na katikati ya mchezo akaumia paja. Enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Alibaki uwanjani akichechemea, chenga hana, mbio hana.

Matokeo yakiwa 8-8 na dakika zikiyoyoma, Clem Thomas wa Wales akajikuta amebanwa karibu na mstari wa kushoto. Badala ya kujitosa kwenye miili, akaupiga mpira kukatisha uwanja mzima hadi upande wa pili, ukadunda vizuri mbele ya Ken Jones, naye akaingia nao. Trai ilikuwa pointi tatu siku hizo, mkwaju wa nyongeza mbili: 13-8.

Williams aliiongoza Wales mara tano na kushinda zote tano. Tangu alasiri ile ya 1953, Wales haijawafunga tena All Blacks.